Tabibu Akiwa Mudarisi

Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta, iliyoko Upper Hill, jijini Nairobi, ni hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na daktari bingwa anayeongoza raundi ya wodi humo ana wagonjwa wa kuwaona, mafaili ya kutia sahihi na simu isiyonyamaza, huku intani na wanafunzi wakimwandama kitanda hata kitanda. Si ajabu, basi, darasa likageuka kuwa kumsaili mwanafunzi hata afadhaike, kisha kumtupia jawabu na kupita.

Wengi hudhani dawa yake ni kumwita daktari huyo semina. Lakini hapa Kenya nguvu ya mihadhara ya kubadili utendaji wa wahudumu ilikwisha kutiwa mizanini, kwa mafunzo ya dharura za watoto yaitwayo ETAT+, ambayo wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na Wellcome Trust waliyakuza kutokana na yale ya Shirika la Afya Duniani. Kuanzia 2006 hospitali 8 za wilaya ziligawanywa mafungu mawili: 4 zikapata mafunzo ya siku 5 na nusu, ya kutenda kwa mikono, zikawekewa msimamizi wa hapo hapo hospitalini, tena zikakaguliwa na kuelezwa mara kwa mara hali ya kazi yao; 4 nyingine zikapewa miongozo ile ile, ila kwa mihadhara ya siku moja na nusu. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalidhihirisha kwamba fungu la kwanza liliwahudumia watoto vizuri zaidi. Kweli, mambo yaliyofungamanishwa hayo ni mengi, na haijuzu kuipa sifa sehemu moja peke yake. Walakini mpango ulioegemea mihadhara ulishindwa waziwazi.

Basi mwalimu naye apewe mbinu za kutenda. Kwa kazi za mikono, kama kumpulizia hewa mtoto mchanga, wakufunzi wa uokoaji wana utaratibu wa hatua nne: mwalimu hutenda kimya kwa kasi ya kawaida; hurudia akieleza; hutenda tena mwanafunzi akieleza yeye; mwisho mwanafunzi hutenda mwenyewe. Hatua ya tatu ndiyo yenye siri, maana humfichua aliyeitikia tu bila kufahamu, kabla hajamgusa mgonjwa.

Kitandani kuna njia fupi zaidi, iliyochapishwa na madaktari wa Seattle, Marekani, mwaka 1992, ya dakika chache tu. Mwanafunzi atakiwa kwanza kukata shauri juu ya maradhi; aulizwa hoja zake; afunzwa kanuni moja, wala si kumi; asifiwa kwa alilopatia, kwa kulitaja; kisha asahihishwa alipokosea. Uzuri wake ni kuwa haiombi saa mpya, bali huyatumia maswali ambayo daktari angeyauliza hata hivyo kwa ajili ya mgonjwa.

Hata hivyo, njia fupi si kisingizio cha kumnyima mwalimu wakati wa kujifunza kufundisha. Wakuu wa hospitali za Nairobi, kuanzia Upper Hill na Mbagathi hadi Parklands, na waiandike kazi ya kufundisha katika orodha ya zamu, na waihesabu wanapompandisha daktari cheo.