Leo Mnacheza

Ijumaa ya tarehe 5 Desemba 2025 nilimtumia rafiki yangu ujumbe wa maneno mawili: "Leo mnacheza." Siku hiyo Oman ilikuwa inakutana na Morocco huko Qatar, mechi ya pili ya kila timu katika Kundi B la Kombe la Waarabu. Rafiki yangu ni mtoto wa Rujewa, wilayani Mbarali, na babu yake mzaa baba alikuwa Mbulushi. Alijibu baada ya saa nzima: "Mimi nacheza na nani? Mbeya City wana mechi leo?"

Nilicheka. Yeye hakuweka hata emoji moja. Kwa mtu asiyeweza kuandika "poa" bila emoji tatu, nilipaswa kushtuka mapema zaidi.

Mpira kwa Kiswahili unakaa kwenye viambishi. Shabiki wa Simba hasemi "Simba imeshinda", anasema "tumeshinda". Mtani wake wa Yanga anaambiwa "mmefungwa". Hakuna anayeuliza kadi ya uanachama. Lakini "tu" mtu hujichukulia mwenyewe, na "m" anapewa na mwenzake, mara nyingi bila kuulizwa. Mimi nilimpa rafiki yangu ile "m" kwa sababu ya pua yake, nywele zake, na jina la tatu kwenye cheti chake cha kidato cha nne. Tangu tukiwa shule ya bweni Iringa tulimwita "Mwarabu". Alikuwa anaitika. Kwa miaka mingi nilidhani kuitika ni kukubali.

Nataka kuandika kuhusu hatua ya makundi ya mashindano yale, hasa Kundi B, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha kosa langu. Fainali haikunionyesha. Fainali ilikuwa nzuri: Morocco iliifunga Jordan 3-2 katika muda wa nyongeza, tarehe 18 Desemba, na walioitazama wataisimulia kwa muda mrefu. Lakini fainali hutuambia nani ana nguvu. Makundi hutuambia nani ameitwa. Katika mtoano, timu dhaifu hufungwa ikaondoka, nasi tukaisahau kabla ya chakula cha usiku. Katika makundi inabaki mbele yako dakika 270, upende usipende. Ni kama orodha ya majina inayosomwa darasani taratibu: unapata muda wa kujiuliza kwa nini huyu yumo na yule hayumo.

Orodha ya Kundi B ilikuwa hii: Morocco, Saudi Arabia, Oman na Komoro. Tuitazame kwa macho ya mtu wa Nyanda za Juu Kusini, aliyekulia mbali na bahari. Morocco anaijua kutokana na Kombe la Dunia la 2022, ilipofika nusu fainali. Saudi Arabia anaijua kwa hija na kwa Ronaldo. Oman anaijua kwenye kitabu cha historia, kwenye ile sura ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Zanzibar. Na Komoro? Hapo ndipo kibanda umiza kilipocheka.

Nilitazama marudio ya Morocco na Komoro kwenye kibanda kimoja Mwanjelwa, Mbeya, mvua ya Desemba ikipiga bati kiasi kwamba sauti ya mtangazaji haikuwa na kazi. Mechi yenyewe ilikuwa ya tarehe 2, Morocco ikashinda 3-1. Wengi mle ndani walikuwa wanasubiri mechi nyingine waliyoiweka kwenye mkeka, na matokeo haya walishayajua. Kamera iliposogea karibu na wachezaji wa Komoro, mmoja akauliza kwa sauti, "Na hawa nao Waarabu?" Kibanda kizima kikacheka. Mimi pia.

Kile kicheko nimekifikiria sana tangu siku ile, na sidhani kilikuwa cha chuki. Kilikuwa cha watu wanaoamini kwamba wanamjua Mwarabu kwa kumtazama. Kipimo chetu ni rangi na nywele. Kwa kipimo hicho Mkomoro anashindwa mtihani kabla hajagusa mpira.

Lakini mashindano yenyewe hayatumii kipimo hicho. Mwaka 2021, FIFA ilipoyaendesha kwa mara ya kwanza, zilialikwa timu 23. Nchi za Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ni 22. Ya 23 ilikuwa Sudan Kusini, ambayo si mwanachama wa jumuiya hiyo, na mwaka 2025 iliitwa tena kwenye mechi za mchujo. Somalia iliingia kwenye jumuiya mwaka 1974, Djibouti mwaka 1977, Komoro mwaka 1993. Kiarabu ni lugha rasmi Komoro, pamoja na Kifaransa na Kikomoro, na Kikomoro ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Mngazija akizungumza taratibu, mtu wa Unguja hupata mengi. Kwa hiyo "Mwarabu" kwenye tangazo la mashindano ni neno la mikataba, historia, dini, lugha na siasa, vyote vikiwa vimechanganywa, na halijawahi kuwa neno la nywele.

Mtu anaweza kusema kwamba orodha ya namna hiyo ni ya ovyo, kwamba mashindano yenye Komoro na Sudan Kusini ndani yake yamepoteza maana ya jina lake. Mimi nasema kinyume chake. Ubora wa mashindano haya, kama kitu cha kusomwa, uko hapohapo penye ukingo. Morocco na Saudi Arabia kucheza pamoja hakuniulizi chochote. Komoro kusimama na Oman mstari mmoja kunaniuliza maswali ya nyumbani kwangu.

Maana nyumbani kwangu kuna barabara. Ukipanda basi Mbeya kwenda Iringa, unapita Uyole, Igurusi, Chimala, kisha unafika bonde la Usangu, kwenye mashamba ya mpunga. Rujewa iko pale. Wabulushi walifika Usangu wakati wa ukoloni, na huwezi kueleza vizuri historia ya kilimo cha umwagiliaji cha mpunga kule bila kuwataja. Asili yao ni Baluchistan, pwani ya Makran, sehemu ambayo leo imegawanyika kati ya Iran na Pakistan. Lugha yao ya asili iko kwenye jamii moja na Kiajemi, si Kiarabu. Masultani wa Oman, na baadaye wa Zanzibar, waliwatumia Wabulushi kama askari, na Gwadar, mji wa pwani ileile, ulikuwa chini ya Oman hadi mwaka 1958 ulipouzwa kwa Pakistan. Ndiyo maana leo jina Al Balushi ni la kawaida kabisa Muscat.

Haya yote niliyasoma baada ya ule ujumbe. Kabla ya hapo nilikuwa nimekula wali wa Usangu maisha yangu yote na sikuwa najua.

Sasa weka mambo mawili pamoja. Kibandani Mwanjelwa tulicheka kwa sababu Mkomoro, ambaye nchi yake ni mwanachama halali wa jumuiya ya Waarabu, hakuonekana Mwarabu machoni mwetu. Siku chache baadaye nikamwandikia "mnacheza" mtu ambaye si raia wa Oman, hajawahi kufika Oman, na ambaye hata babu yake hakuwa Mwarabu. Nilidhani hayo ni mambo mawili tofauti: la kwanza utani wa kibandani, la pili urafiki. Kumbe ni kosa moja. Kipimo kilichomtoa Mkomoro kwenye orodha ya Waarabu ndicho kilichomtoa rafiki yangu kwenye orodha ya watu wa Mbeya. Macho yaleyale, yakifanya kazi ileile, yakielekezwa pande mbili.

Na hapa ndipo ninapolaumu namna tunavyotazama mpira, si kibandani tu, hata kwenye kurasa za vijana tunaojiita wachambuzi. Tunajua mifumo, tunabishana kuhusu kiungo mkabaji, tunahesabu pasi. Ila timu kama Komoro tunaisoma kama namba kwenye mkeka: weka 1, weka 2, weka mabao zaidi ya matatu. Komoro ilipoteza mechi zote tatu: 3-1 kwa Morocco, 3-1 kwa Saudi Arabia, 2-1 kwa Oman. Kwa mkeka, hadithi imeisha. Lakini tazama tena. Ilifika pale baada ya kutoka 4-4 na Yemen kwenye mchujo na kushinda kwa mikwaju ya penalti, wakati Somalia na Djibouti ziliishia hukohuko mchujoni. Kisha, kwenye kila mechi ya kundi, ilifunga bao 1. Oman, iliyoizuia Morocco hadi ikatoka nayo 0-0, haikuweza kumaliza dakika 90 na Komoro bila kufungwa.

Mechi hiyo ya mwisho, Oman na Komoro, ilichezwa Jumatatu tarehe 8. Nilikuwa nimesharudi Iringa. Ulikuwa mkesha wa Siku ya Uhuru, mji umetulia mapema kuliko kawaida, na sikutoka chumbani. Waliokuwa na televisheni jirani walikuwa na Morocco na Saudi Arabia, mechi kubwa ya kundi. Mimi niliitafuta ile nyingine kwenye simu, picha ikiganda kila baada ya dakika mbili. Komoro ilikuwa imeshaaga. Oman ilikuwa inasubiri msaada wa Saudi Arabia, na msaada haukuja. Morocco ilishinda 1-0.

Wakati picha imeganda niliwaza kwamba natazama timu mbili za bahari moja. Muscat kuna familia zinazozungumza Kiswahili sebuleni: watu waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine waliorudi Oman baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Ngazija wanazungumza lugha ambayo ni binamu ya hii ninayoiandika. Katikati ya hao wawili kuna Zanzibar, ambayo haikuwepo na isingeweza kuwepo. Hata CAF iliipa uanachama kamili mwezi Machi 2017 na kuufuta mwezi Julai mwaka huohuo. Nilikuwa natazama, kwenye mashindano yenye jina la Waarabu, mechi ambayo mtu wa Mombasa au Unguja angekuwa na haki ya kusema ni ya jirani kwa jirani. Na mimi, mtu wa milimani, nilikuwa nimeitolea hukumu kwa kuangalia nywele.

Kuna pingamizi moja ambalo lazima nilikubali. Mashindano haya yalichezwa nje ya kalenda ya FIFA, klabu hazikulazimika kutoa wachezaji, na vikosi vingi havikuwa vile vya kwanza. Mtu atasema sina haki ya kusoma mambo makubwa hivi kwenye timu za akiba. Lakini tarehe 21 Desemba, siku 19 baada ya mechi yao ya Qatar, Morocco na Komoro zilikutana tena Rabat, kufungua AFCON. Morocco ilishinda 2-0. Nchi zilezile mbili, mwezi mmoja, mara moja kwa jina la Waarabu na mara moja kwa jina la Waafrika, kila mara na watu tofauti ndani ya jezi. Kibandani safari hii hakuna aliyeuliza, "Na hawa nao Waafrika?" kuhusu Morocco. Ningependa kusikia mtu akiuliza, tukanyamaza kidogo kabla ya kucheka.

Rafiki yangu sikumwomba msamaha kwa hotuba. Nilimpigia simu baada ya Krismasi ya wenzetu kuanza kunukia mitaani, nikamweleza habari za Gwadar na Makran kama mtu aliyegundua dhahabu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hayo yote alisimuliwa na babu yake akiwa darasa la tatu, na kwamba hakuna hata mmoja wetu bwenini aliyewahi kumuuliza. Tulikuwa na miaka miwili, kitanda cha juu na cha chini.

Tarehe 23 Desemba, Taifa Stars ikiwa na Nigeria, simu yangu iliita kwa ujumbe mapema kabla ya mechi. Alikuwa yeye. "Leo tunacheza. Njoo na karanga." Na emoji tatu.

Tulifungwa 2-1.