Kuyasoma Maji Kabla ya Kufunga Safari

Mtu aazimiaye kupumzika katika Bonde la Ufa, na ambaye hapendi kusukumana na umati uendao kila msimu katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, hana budi kufahamu kwamba umaarufu wa pahali aghalabu huchelewa nyuma ya hali yake. Mbuga hiyo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, ilitukuka ulimwenguni kwa ajili ya heroe, wale ndege wa rangi ya waridi waliokuwa wakiufunika ufuo mzima. Lakini maji yalipoanza kupanda kiasi cha mwaka 2010, hata yakalimeza lango kuu la zamani, magadi yalizimuliwa, mwani ulio chakula chao ukapungua, na wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria. Picha zilizomo katika vitabu vya watalii hazikuhama pamoja nao. Sisemi kwamba Nakuru haifai, kwani atakaye kumwona kifaru, mweupe kwa mweusi, ni nadra kupata pazuri zaidi.

Basi kipimo cha kwanza cha kuchagua pahali ni maji. Hata wale mahiri wa kuteleza juu ya theluji katika milima ya Alps, wanaoviepuka vijiji vyenye majina makubwa, huuliza kwanza kimo cha mlima na upande unaoelekea mteremko, kwa kuwa mteremko wa kaskazini huihifadhi theluji. Nasi tuulize kama ziwa ni la magadi au la maji matamu. Baringo na Naivasha ni matamu, kwa hiyo huko utapata mashua, samaki, viboko na furukombe. Bogoria ni magadi matupu, hayana samaki hata mmoja, ila yana heroe, na pale Loburu yana chemchemi zitokotazo kiasi cha kuivisha yai.

Lakini nikiruhusiwa kupendelea, nitapendelea Elmenteita, ziwa dogo ambalo wasafiri wa barabara kuu ya Nairobi hulitupia jicho kupitia dirisha la matatu, kisha wakaendelea na safari. Katika visiwa vyake vya mawe mwari weupe wamezoea kutaga na kulea makinda, ilhali samaki wa kuwalisha huenda kuwavua Nakuru. Kwa hiyo ziwa mashuhuri ni jiko tu la ziwa lisilotajwa. Nao hawaondoki alfajiri kama wageni wanavyodhani, bali hungoja jua liipashe hewa joto, ndipo wakapanda angani kwa kuzunguka pasipo kupiga bawa. Aliyerauka, akatazama, akarejea kustaftahi na kulala, amekosa lililo bora. UNESCO, ilipoyaingiza maziwa haya katika urithi wa dunia mwaka 2011, iliyataja Nakuru, Elmenteita na Bogoria kwa pamoja, bila ya kulitanguliza lenye jina.

Kipimo cha pili ni kiongozi wa wageni. Mpeleke Kariandusi, mahali pa kale alipopagundua mwanaakiolojia Louis Leakey mwaka 1928, umwonyeshe shoka la mawe lililochongwa kwa kioo cheusi cha volkano, kisha umuulize kioo hicho kilitoka wapi. Akikariri tarehe, mshukuru umwache. Akikugeuza uitazame milima iliyokuzunguka, huyo ndiye wa kupanda naye mlima wa volkano wa Menengai.

Kuhusu malazi, tazama miti. Migunga iliyokauka ikiwa imesimama majini huonyesha ufuo ulikokuwa jana, na nyumba ya wageni iliyo jirani nayo ina bahati ya kuwa ingali nchi kavu. Huko Baringo ziko zilizozama. Ulizia pia njia ya udongo katika masika, tangu Machi hadi Mei, kwani gari dogo hukwama kwa urahisi.

Mwenye siku mbili tu na alale Elmenteita, akichukua sweta kwa kuwa pale ni karibu mita 1,800 juu ya bahari na usiku huwa baridi, akae kidogo asubuhi ya kwanza akiwangoja mwari. Siku ya pili aondoke mapema kuelekea Bogoria, ambako kimo hushuka hadi chini kidogo ya mita 1,000, afike Loburu kabla ya saa nne, kwani baada ya hapo joto la jua na la chemchemi huwa jambo moja.