Magomeni Kota: orodha iliyotangulia zege

Machi 23, 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua majengo mapya ya Magomeni Kota, Dar es Salaam, yaliyojengwa kwa ajili ya familia 644 zilizowahi kuishi hapo. Si jambo la kawaida mjini. Nyumba kuukuu zikibomolewa, wapangaji hutawanyika: huyu Mbagala, yule Chanika, mwingine kwa dada yake Tabata, na ghorofa likikamilika anaingia mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana mradi huu unastahili kuchambuliwa, tuone ni nini hasa kilichowarudisha watu na ni kipi kilichoachwa kikining'inia.

Kota zilikuwa nyumba za safu za enzi ya mkoloni, za chini, majirani wawili wakitegemea ukuta mmoja, zilizojengwa kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Nusu ya maisha ya nyumba za namna hii iko uani: jiko la mkaa, ndoo za maji, kamba ya nguo, mkeka wa mgonjwa anayeota jua la asubuhi. Vijana wakikua na chumba kikazidiwa, mtu huezeka mabati pembeni wakapata pa kulala. Mchoraji ramani akipima nyumba hiyo kwa kuta zake tu ataona nyumba ndogo. Aliyelelewa humo anajua kwamba ua ulikuwa jiko, bafu, karakana na mahali pa msiba.

Mitaa michache kutoka hapo umiliki ulikuwa wa namna nyingine. Mwalimu Nyerere alijenga nyumba yake Magomeni miaka ya 1950, katika mtaa wa Ifunda, nayo leo ni makumbusho. Mwenye nyumba na kiwanja chake ana la kusema mwekezaji akibisha hodi. Anaweza kuuza, anaweza kukataa, au wakaingia ubia: yeye anatoa ardhi, mwenzake anatoa fedha za ujenzi, kisha wanagawana ghorofa. Kariakoo imebadilika sana kwa njia hiyo, na Magomeni inafuata. Mkazi wa kota hakuwa na kete hiyo. Alikuwa mpangaji wa Manispaa ya Kinondoni, hata kama amezaa na kuzika akiwa ndani ya nyumba ileile.

Ardhi nayo ilikuwa imepanda thamani chini ya miguu yake. Magomeni imeshika Barabara ya Morogoro, hatua chache kuelekea Jangwani na katikati ya jiji, na mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 yalipita hapohapo. Safu ya nyumba za chini mahali kama hapo ni fedha iliyolala, na kila mwenye macho aliiona. Wakazi walikuwa wameshaondolewa mwanzoni mwa muongo huo na kota zikabomolewa kupisha mradi mpya. Mradi haukuinuka. Kiwanja kikabaki kitupu, na watu waliokuwa majirani wakawa wapangaji wa huku na kule, wakidai haki yao kwa miaka.

Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliahidi kwamba serikali itawajengea, warudi, na waishi miaka mitano bila kulipa kodi. Kazi ikapewa Wakala wa Majengo Tanzania, TBA. Ahadi za kujengewa tumezisikia nyingi. Hii ilikuwa na kitu cha ziada, nacho ni hesabu ya familia: 644, kila moja ikijulikana ni ya nani. Kwa maoni yangu hapo ndipo mradi ulipookolewa. Idadi ya watu ikishafungwa, inamlazimisha mhandisi: vyumba vingapi, ngazi ngapi, maji kiasi gani. Inamlazimisha pia mwanasiasa, maana hawezi kugawa nyumba kwa jamaa bila mtu fulani, mwenye jina, kubaki nje na kupiga kelele. Na wakazi wenyewe walipata cha kushikilia, kwa kuwa waliweza kusimama kama kundi linalohesabika.

Orodha hiyo ina udhaifu wake, na ni mkubwa. Inapiga picha ya kaya siku moja tu. Kati ya kuondoka na kurudi ilipita takriban miaka kumi. Wazee walifariki, watoto waliokuwa darasani wakawa na watoto wao. Jina moja lililoandikwa zamani laweza kuwa na warithi watano wanaotazama mlango mmoja wenye chumba kimoja au viwili vya kulala, wala hakuna pembeni pa kuezeka mabati. Anayeandaa orodha ya namna hii aandike pia utaratibu wa urithi, siku hiyohiyo, kabla ndugu hawajafikishana mahakamani.

Tuje kwenye fedha. Mradi uligharimu shilingi bilioni 52.19. Ukigawa kwa familia 644 unapata kama shilingi milioni 81 kwa kila familia. Wakazi wakataka kununua, na bei iliyotangazwa mwaka uleule wa uzinduzi, bila kuhesabu thamani ya ardhi, ilikuwa takriban milioni 48.5 kwa nyumba ya chumba kimoja na milioni 56.9 kwa ya vyumba viwili, kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi. Tofauti kati ya milioni 81 na bei hizo imebebwa na umma, na mimi naona ni sawa ibebwe. Hata hivyo, tuzigawe bei hizo kwa miezi 360, yaani miaka 30 bila riba yoyote. Ya kwanza inatoka kama shilingi 135,000 kwa mwezi, ya pili kama 158,000. Kwa mjane anayeuza maandazi asubuhi, hizo si fedha za kuokota.

Juu yake kuna gharama ambazo kota hazikuwa nazo. Jengo refu linataka pampu ya kupandisha maji, lifti inayohudumiwa, taa za ngazi, mlinzi, mzoa taka. Pampu ikiungua, wa chini atapata maji na wa juu atabeba ndoo, halafu itabidi wachangie wote. Mkaa unapandishwa kwa gunia au kwa kopo? Moshi unatokea wapi? Tunayo Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008, inayoruhusu mtu kuwa na hati ya nyumba yake ndani ya ghorofa na kuwaweka wamiliki wote katika umoja unaosimamia paa, ngazi na uwanja. Ni chombo kizuri. Kinahitaji kuanza mapema, watu wakiwa bado wanasubiri funguo, wakijifunza kuchangishana na kusomeana mapato na matumizi.

Ipo pia ardhi iliyobaki. Ukiwapandisha juu watu waliokuwa wametandazwa chini, unapata nafasi mtaani, na nafasi hiyo ndiyo utajiri wa kweli wa mradi wa aina hii. Ningependa sehemu ya kodi za maduka yatakayojengwa hapo iingie moja kwa moja kwenye mfuko wa matengenezo wa majengo ya wakazi, maana ni kubanana kwao kulikoitoa nafasi hiyo.

Kota na nyumba kuukuu za umma zipo bado katika miji yetu, na zamu yao itafika. Halmashauri itakayofuata ianze na majina, iambatanishe utaratibu wa urithi, na kiasi ambacho kila familia italipa kwa mwezi ikisharudi kiandikwe kwenye karatasi ileile inayowatangazia kuhama.