Muda wa Msasa

Mtu anayelisifia gari kuukuu lililopakwa rangi upya husifia rangi. Hana kosa, maana ndiyo anayoiona. Lakini kupuliza rangi ni kazi ya mchana mmoja, na iliyoitangulia ni ya wiki nyingi, pengine miezi: kufungua taa na vitasa, kusaka kutu, kunyoosha bati, kupaka fila, kupiga msasa, kupaka praima, kisha kupiga msasa tena. Nadai kwamba kazi hiyo ya awali mahali pake ni uani kwa mwenye gari kuliko gereji, na sababu si bei tu. Fundi wa gereji, awe hodari vipi, anauza saa zake, na nyuma ya gari moja yamepanga foleni mengine. Mwenye gari hana wa kumharakisha. Bodi inayotayarishwa haili kitu kama inavyokula muda.

Chukua Peugeot 504, gari lililotoka 1968, likatwaa Safari Rally 1975 na tena 1978, na matoleo yake ya pikapu na ya nyuma ndefu yakabeba abiria na magunia Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Yaliyobaki yameshapita mikononi mwa mafundi wengi, kwa hiyo chombo cha kwanza si msasa bali sumaku iliyofungwa kitambaa laini. Ipitishe polepole juu ya matao ya magurudumu na chini ya milango. Ikishika, kuna bati. Ikiteleza, kuna fila nene, na mara nyingi chini ya fila kuna tundu ambalo mtu aliliwekea wavu na kulifunika. Fila hufyonza unyevu. Ikiachwa wazi mvuani, au ikipakwa juu ya kutu, bati huendelea kuliwa kimyakimya, na hewa ya chumvi ya Mombasa au Tanga huiongezea kasi. Hapo hakuna ujanja: kata, chomelea bati jipya, kisha fila ije kusawazisha milimita moja au mbili tu. Kuchomelea, nakubali, mwachie aliyesomea kazi hiyo.

Kinachobaki ni msasa, na hapa ndipo utamu ulipo. Osha kwanza mafuta na nta kwa kiyeyushi, kabla ya kugusa msasa. Ukianza kukwangua bodi chafu unaisukumia nta ndani ya mikwaruzo, na siku ya kupuliza rangi itatoboka vishimo kama macho ya samaki. Kisha funga msasa kwenye kibao, kwa sababu vidole vitupu huchimba mifereji. Mfuniko wa buti wa 504 una mkunjo, mahali ambapo bati linavunja mteremko wake ghafla, na mkunjo huo ndio sura ya gari lote kwa nyuma. Msasa hupenda kingo. Pita juu yake ovyo na mkunjo unalainika usirudi tena. Dawa yake ni kubandika utepe wa karatasi kando ya ukingo, kupiga upande mmoja, kuubandua, na kuuhamishia upande wa pili. Praima ikikauka, puliza juu yake ukungu mwepesi wa rangi nyeusi na upige msasa tena. Weusi uliobaki umekaa bondeni. Palipotokeza bati ni kilima. Jicho lisingeviona vyote viwili, ila rangi inayong'aa ingevionyesha, tena mbele ya watu.

Yupo atakayesema gereji ina vumbi kidogo, kompresa kubwa na tanuri la kukaushia, kwa hiyo yote haya ni ubishi wa mtu mwenye nafasi. Vifaa hivyo vina faida siku ya rangi. Fila na praima zina tabia nyingine: viyeyushi vilivyomo hutoka taratibu, na vikitoka zinasinyaa. Praima nene iliyopigwa msasa jioni ileile itaonekana laini kama kioo, halafu baada ya wiki kadhaa mikwaruzo ya msasa wa namba 80 inajitokeza juani chini ya rangi mpya. Kuingoja siku chache zaidi nyumbani hakugharimu kitu, gereji kunagharimu nafasi ya gari lingine. Hoja yenye uzito zaidi ni ya hali ya hewa: pwani, bati lililoachwa uchi usiku kucha huamka na kutu nyekundu. Kweli kabisa, ndiyo maana afanyaye kazi nyumbani huvua paneli moja tu kwa wakati, akaifunga kwa praima ya epoksi siku hiyohiyo, na kuiacha rangi ya zamani palipo imara, kwa kuwa rangi iliyoshika vizuri miaka 40 ni msingi mzuri.

Kuna mpaka, hata hivyo. Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, kwa hiyo piga msasa kwa maji, na watoto wasicheze karibu na tope lake. Rangi za kisasa zinazochanganywa na kigandishi chenye isosianeti huumiza mapafu, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Zinataka hewa safi inayoletwa kwa bomba. Kwa hiyo siku ya rangi peleka gari kwa fundi mwenye vifaa hivyo, likiwa limeshapigwa msasa namba 400 na kufutwa vumbi, naye alipatie mchana wake mmoja.