Mfano si Fumbo

Wazee husema, Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Neno hili ni jema mahali pake, lakini twaona ya kuwa limeingia hata katika kusoma Injili, na huko limeleta hasara. Maana walimu wengi huitwaa mifano ya Bwana wetu kana kwamba ni mafumbo, wakatafuta siri katika kila kitu kilichotajwa. Naye avumbuaye siri nyingi kuliko wenziwe ndiye asifiwaye kuwa mhubiri hodari.

Desturi hii si ya leo. Tuangalie mfano wa wafanya kazi katika shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20. Mwenye shamba alitoka mara 5 kuajiri watu: alfajiri, saa 3, saa 6, saa 9, na saa 11. Origen wa Aleksandria, mwalimu wa karne ya 3, alieleza ya kuwa saa hizo ni nyakati za ulimwengu: tangu Adamu hata Nuhu, tangu Nuhu hata Ibrahimu, tangu Ibrahimu hata Musa, tangu Musa hata Kristo, kisha wakati wa Kristo mwenyewe. Maelezo haya yapendeza; walakini msikiaji hutoka kanisani akijua hesabu ya nyakati, na moyo wake haukuguswa.

Katika mwaka 1888 Adolf Jülicher, mtaalamu wa Ujerumani, alianza kutoa kitabu chake kikubwa, akishika neno hili: kila mfano una jambo moja la kufundisha, si mengi. Alitusaidia sana kwa hayo. Lakini jambo lile moja mara nyingi alilifanya kuwa onyo la tabia njema tu, lifaalo watu wote na nyakati zote. Kisha mwaka 1935 C. H. Dodd wa Uingereza alikumbusha ya kuwa mifano hii ni habari ya ufalme wa Mungu uliowafikia watu wakati ule ule Yesu aliposema nao. Na ufalme huo si nchi yenye mipaka. Neno la Kiyunani lina maana hasa ya kutawala. Basi yatupasa kuuliza: Mungu akitawala, mambo huwaje?

Na tuusome mfano wetu kwa swali hilo. Sisi tusemao Kiswahili hatuhitaji kufasiriwa saa zake, kwa kuwa twazihesabu vivyo hivyo: saa 11 jua lakaribia kuchwa, kazi imebaki ya saa moja tu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kutwa, riziki ya nyumba. Jioni mwenye shamba aliagiza wa mwisho walipwe kwanza, na hapa ndipo penye kiini. Kama wa kwanza wangalilipwa kwanza, wangalikwenda zao wameridhika, maana ndivyo walivyopatana. Hawakupunjwa hata kidogo. Kilichowauma ni kuona wenzao wamepata. Katika Kiyunani bwana yule ataja jicho ovu. Nasi jicho hilo twalijua, twaliita kijicho.

Tena sura iliyotangulia Petro ameuliza, wao walioacha vyote watapata nini. Kwa hiyo mfano wamhusu Petro, watuhusu na sisi tuliobatizwa zamani. Mlevi wa jana akitubu leo na kuketi pamoja nasi mezani pa Bwana, je, twafurahi, au twahesabu miaka yetu ya kazi? Wala mfano hausemi kama wale walionung'unika walirudi kwao na amani. Mwisho wake umeachwa kwetu.

Wala asitokee tajiri akauchukua mfano huu kuwapunja vibarua wake, akisema, Mali ni yangu. Mwenye shamba hakumpunguzia mtu ujira; aliwaongezea wale waliokosa wa kuwaajiri.

Labda mtu atatujibu: Je, Bwana mwenyewe hakueleza mfano wa mpanzi kitu kwa kitu, katika Marko sura ya 4? Ni kweli, wala hatukatazi maelezo ya namna hiyo yakiwamo katika Injili. Lakini hata pale ndege, jua na miiba vyote vyaelekea swali moja: msikiaji huyu ni udongo wa namna gani?

Mfalme Daudi alipoletewa na Nathani habari ya maskini aliyenyang'anywa kondoo wake, aliielewa yote, hata akawaka hasira. Werevu haukumpungukia. Asilolijua ni kwamba yeye ndiye aliyetajwa. Basi, enyi walimu wenzetu, tusomapo mfano mbele ya watu tusishindane kwa werevu. Fumbo huganguliwa na msikiaji. Bali mfano humgangua msikiaji mwenyewe, naye mwalimu awe wa kwanza kuganguliwa.