Michezo ya mashetani katika televisheni: adui yuko wapi?

Mwaka 1957 Baba Mtakatifu Pio XII aliandika barua Miranda Prorsus juu ya sinema, radio na televisheni. Hakusema kwamba vyombo hivyo ni vibaya. Alifundisha kwamba ni zawadi za Mungu, lakini yatupasa kujifunza kuvitumia kwa akili. Shauri hilo latufaa sana leo. Katika parokia zetu watu wengi wanakaa jioni mbele ya televisheni au simu, wakitazama mashetani, mizimu na walozi. Kesho yake wanamwuliza katekista: «Je, ni kweli?» Na katekista anamwuliza padri.

Kwa sisi haitoshi kuuliza kama kutazama ni dhambi. Tuulize hivi: mchezo huu unamfundisha mtu kumtafuta adui wapi? Ndani ya moyo wake mwenyewe, au katika nyumba ya jirani? Tupime kwa kipimo hicho michezo inayopendwa.

Wa kwanza ni Evil, maana yake «Uovu», wa Marekani. Waliotunga ni Robert King na mkewe Michelle King, nao ulionyeshwa toka 2019 hata 2024. Mtu wake mkuu ni mseminari, David Acosta, ambaye baadaye anapewa upadri. Kanisa limemtuma kuchunguza mambo ya ajabu: mtu huyu ameingiwa na pepo, au ni mgonjwa? Hachunguzi peke yake. Yuko pamoja na Kristen Bouchard, mtaalamu wa akili za watu, asiyeshika dini tena. Na Ben Shakir, fundi mwenye kutafuta kwanza sababu ya kawaida, kama vile chombo kilichoharibika. Utaratibu huo ni mzuri: kuuliza kwanza, kuhukumu baadaye. Ndivyo Kanisa linavyoagiza. Sheria ya Kanisa, namba 1172, haimruhusu mtu kufukuza pepo bila ruhusa wazi ya Askofu wa mahali, na ruhusa hiyo hupewa padri tu, mwenye ibada, elimu, busara na maisha safi. Katekisimu nayo yataka tujue kwanza kwamba jambo si ugonjwa.

Lakini Evil ina kasoro. David anatumia dawa za kulevya ili apate maono, kana kwamba Mungu ni mtumishi anayeitwa kwa kengele. Neema hailazimishwi. Tena watungaji wanapenda kuchezea shaka: mara nyingi mtazamaji haambiwi kama pepo aliyeonekana alikuwako au la. Mtu mwenye elimu atafurahia fumbo hilo, na mtu dhaifu atalala na hofu.

Wa pili ni Midnight Mass, yaani «Misa ya Usiku wa Manane», wa Mike Flanagan, wa 2021. Una sehemu 7, kila moja ikiitwa kwa jina lililotoka katika Biblia, toka Mwanzo hata Ufunuo. Padri mzee wa kisiwa kidogo amekwenda kuhiji. Huko anapotea, anashambuliwa na kiumbe chenye mabawa, ananyweshwa damu yake, na anarudi akiwa kijana. Watu hawamtambui. Anawadanganya kwamba yeye ni padri mwingine, aliyetumwa kwa muda. Kiumbe kile anakiita malaika, na damu yake anaitia kwa siri katika divai ya Misa. Msichana aliyelemaa anasimama na kutembea. Kanisa linajaa. Mwisho wake ni mauti ya karibu kisiwa chote.

Wakristu wengine watachukizwa kuona Ekaristia imeguswa namna hii, na wana haki. Mchezo huu usionyeshwe kwa watoto wala kwa wakatekumeni. Lakini kwa mseminari wa teolojia una fundisho kubwa. Padri huyu hakudanganywa kwa sababu ya kukosa imani. Alidanganywa kwa sababu ya kutaka sana: alimpenda zamani mwanamke wa parokia yake, akazaa naye kwa siri, na sasa alitaka awaone hai na wenye nguvu tena. Hakupima roho, hakumwuliza Askofu, hakusema kweli kwa mtu. Karibu naye yuko Bev Keane, mama wa parokia ajuaye Maandiko kwa moyo, naye huyatumia kama fimbo ya kuwapigia wengine. Hapa shetani anaingia kwa mlango wa tamaa yetu na wa majivuno yetu. Hakuna jirani wa kulaumiwa.

Wa tatu ni Stranger Things, ulioanza 2016, nao wapendwa na vijana. Ndani yake zimo zimwi na dunia ya giza, na mambo mengi ni mchezo tu. Lakini sehemu za 2022 zaonyesha jambo zito. Msichana anakufa kwa ajabu, na mji wote unamshtaki kijana Eddie Munson kwamba ni mtu wa shetani, kwa sababu nywele zake ni ndefu na anapenda michezo ya ajabu. Wanamwinda, naye hana kosa. Hofu ya namna hiyo ilikuwako kweli Marekani miaka ile ya 1980. Katika California walimu wa shule ya watoto ya McMartin walishtakiwa toka 1983 kwamba wanawaharibu watoto, na watu wakaongeza habari za ibada za shetani. Mashauri yaliendelea hata 1990, na hakuna hata mmoja aliyehukumiwa kuwa na kosa.

Sasa tuje kwetu. Filimu za Nigeria zimeenea Kongo, na Kinshasa vikundi vya wachezaji vinatunga michezo yao ya televisheni, vingi vikishikana na makanisa ya uamsho. Katrien Pype, mtaalamu wa Ubelgiji, alikaa na wachezaji hao, akaandika kitabu juu yao, kilichotoka 2012. Njia ya hadithi yajulikana: nyumba inapatwa na ugonjwa, utasa au ukosefu wa kazi, pasta anafunua kwamba mlozi yumo ndani ya jamaa, mlozi anaungama au anaangamia, nyumba inapona. Tusiidharau michezo hii. Inasema lugha ya watu na inajua mateso yao. Tena Living in Bondage ya Nigeria, ya 1992, ilikuwa na haki: Andy anamtoa mkewe Merit sadaka ili apate mali, na mzimu wa mke unamfuata. Mwovu ni yeye mwenyewe, na dhambi ni choyo chake.

Hata hadithi za mapenzi zitokazo Mexico na India, ambazo mama zetu wanazipenda, zina faida hiyo. Mama mkwe anapomtesa mkaza mwana, twaona sababu: wivu, mali, urithi. Lakini mchezo unaosema kila shida ina mlozi wake unaharibu akili. Mtazamaji anazima televisheni, anatazama watu wa lupango, na anatafuta nani anafanana na yule aliyemwona. Kwa kawaida anayepatikana ni yule asiye na mtetezi: yatima, mtoto wa mke mwingine, mwenye kifafa, mtoto anayekojoa kitandani. Wangapi wamelala barabarani kwa sababu hiyo! Katiba yetu ya 2006, katika kifungu 41, inakataza kumshtaki mtoto ulozi, na sheria ya 10 Januari 2009 inaadhibu kosa hilo.

Basi, ndugu, tusiwakataze watu televisheni kwa hasira, maana hawatatusikia. Tutazame pamoja nao, kisha tuulize maswali matatu. Nani alisema kwamba huyu ni mwovu, na alijuaje? Je, munganga wa hospitali aliulizwa? Baada ya mchezo, nampenda jirani yangu zaidi, au namwogopa zaidi? Bwana wetu alifundisha kwamba kinachomtia mtu unajisi chatoka moyoni mwake. Mchezo unaotupeleka huko, hata kama umejaa mapepo, waweza kutufaa. Mchezo unaotuonyesha mtoto wa mwenzetu kwa kidole, hata kama unamalizika kwa sala na alleluya, katekista auseme wazi mbele ya wakristu: ni uongo, na mtoto yule ni wa Mungu.