Amerogwa au Ameambiwa? Juu ya Neno "Wachawi" katika Macbeth ya Kiswahili

Mchezo wa Macbeth, ambao wataalamu hukadiria kuwa Shakespeare aliutunga yapata mwaka 1606, na ambao ulichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1623, uliingia katika Kiswahili mwaka 1968, Tanzania Publishing House ilipotoa Makbeth ya Bwana S. S. Mushi. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amekwisha kutoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963. Mwaka 1969 akaitengeneza upya kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Juu ya tafsiri za Mwalimu yameandikwa mengi, juu ya Makbeth machache. Sikusudii hapa kuipima kazi ya Bwana Mushi mstari kwa mstari. Nataka kushughulika na neno moja tu, ambalo humkabili kila auletaye mchezo huu katika Kiswahili, awe mfasiri, mwalimu au mchezaji jukwaani: wale wanawake watatu wa nyikani tuwaiteje? Maana nadai kwamba katika lugha yetu jibu la swali hilo ndilo liamualo ni nani mwenye hatia.

Swali lenyewe sikulipata katika maktaba. Nililipata nyumbani kwetu Mlowo, mji wa biashara ulio katika Wilaya ya Mbozi, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Nilikuwa likizo, mwezi wa Julai, na jioni moja baada ya kuanua kahawa niliwasimulia watu wa nyumbani kisa cha Macbeth. Kisha nikawasomea, kwa Kiswahili changu mwenyewe, onyesho la tatu la tendo la kwanza, ambamo wale watatu wamlaki shujaa atokaye vitani na kumpa salamu tatu: mtawala wa Glamis, mtawala wa Cawdor, na mfalme wa baadaye. Niliwaita wachawi. Kijana mmoja akasema mara moja, "Basi wamekwisha kumroga." Shangazi yangu, aliyekuwa kimya mpaka hapo, akauliza jambo lingine kabisa: "Hao waliomwambia, baba, aliwalipa nini?" Nikamjibu kuwa hakuwalipa kitu wala hakuwaita, walimtokea njiani. Akatikisa kichwa. "Hapo sielewi. Mchawi hakuambii mambo yako. Akuambiaye ni mganga, na mganga unamlipa."

Nilipokuwa ughaibuni nikitafuta shahada ya udaktari, niliusoma mchezo huu mbele ya walimu wakijuao Kiingereza cha zama zile kuliko nitakavyokijua mimi kamwe. Hakuna aliyeniuliza swali hilo.

Shangazi alikuwa akifanya kazi ya mwanakamusi. Katika Kiswahili mchawi, au mlozi, ni mtu adhuruye wengine kwa nguvu zisizoonekana. Mwanga ni yule aendaye usiku kufanya mambo yake uchi. Wala mmoja wao hana kazi ya kutabiri. Kutabiri ni kazi ya mwaguzi na mpiga ramli, na mganga aweza kuwa nayo pamoja na ile ya kutibu. Neno la Kiingereza ambalo kamusi zetu hulifasiri "mchawi" limezitia kazi nyingi katika kikapu kimoja, Kiswahili kimezigawa. Basi tusemapo wachawi, na tusiseme zaidi, tumekwisha kumwambia msikilizaji jambo ambalo mtungaji hakulisema, yaani kwamba wanawake wale wamekuja kumdhuru mtu kwa kumroga.

Na kitenzi kuroga kina tabia zake. Mzizi wake ni wa kale, waonekana katika lugha nyingi za Kibantu, na katika mazungumzo ya kila siku aghalabu twaukuta katika kauli ya kutendwa: amerogwa, karogwa yule, si bure. Aliyerogwa ni mtendwa. Akiua, akiiba, akimwacha mkewe, watu humhurumia kwanza na kumtafuta mtenda mahali pengine. Sasa linganisha na ameambiwa. Hiyo nayo ni kauli ya kutendwa, lakini aliyeambiwa bado ana masikio na akili. Aweza kusikia na kupuuza, aweza kusikia na kungoja. Mchezo wa Macbeth umo katikati ya vitenzi hivi viwili, na mfasiri hana budi kuchagua upande.

Tuutazame mchezo wenyewe. Katika maelekezo ya jukwaani watatu hao wana jina la wachawi, lakini Macbeth mwenyewe hawaiti hivyo hata mara moja. Yeye huwaita dada, na jina hilo limefungamana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya majaliwa. Salamu zao hazina neno lolote juu ya kuua. Wasema atakuwa mfalme. Hawasemi kwa njia gani. Wazo la kumwua Duncan lamjia mwenyewe, palepale njiani, nalo lamtisha hata nywele zikamsimama. Banquo yu kando yake. Amesikia maneno yaleyale, tena ameahidiwa kuwa baba wa wafalme, wala hamwui mtu. Kama ni kurogwa, mbona karogwa mmoja? Zaidi ya hayo, kabla Macbeth hajatokea, mmoja wa wale watatu asimulia jinsi atakavyomtesa baharia mmoja ambaye mkewe alimnyima chakula: atamwondolea usingizi na kukitupatupa chombo chake kwa dhoruba, lakini kukizamisha hawezi. Ni maneno machache, na wasomaji wengi huyapita kama porojo za vikongwe. Mimi nayaona kuwa ni mpaka uliowekwa mapema, ili tujue tangu mwanzo uwezo wao waishia wapi.

Je, tuwaite wapiga ramli? Sioni kuwa ni jawabu rahisi. Ramli, neno ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni mchanga, yataka chombo na yataka mteja: mchanga, bao au kitabu, na mtu aliyekuja kuuliza. Katika tendo la kwanza hakuna chombo wala mteja, na hilo ndilo lililomtatiza shangazi. Lakini katika tendo la nne mambo yamegeuka. Macbeth amekwisha kumwua mfalme; amekwisha kuwatuma watu wamwue Banquo; na usiku wa karamu, baada ya mzuka wa Banquo kukalia kiti chake, amwambia mkewe kwamba kesho mapema atakwenda kwa wale dada kwa miguu yake. Akifika akuta chungu chatokota. Hangoji kusalimiwa: auliza, ashurutisha, akinyimwa jibu atishia kulaani. Hapo amekuwa mteja kamili. Neno lililomfuata njiani sasa yeye ndiye alifuataye, na badiliko hilo, ambalo kwangu ni kubwa kuliko kufa kwa Duncan, hupotea lote ikiwa watatu hao ni wachawi tu tangu mwanzo hadi mwisho. Hata malipo aliyoyauliza shangazi yaonekana hapa. Wale watatu wamemwonya Macbeth ajihadhari na Macduff. Hawakumtaja mke wa Macduff wala watoto wake. Macbeth atokapo pale ndipo aamuapo hao wauawe.

Msomaji wa jarida hili aweza kuona kuwa nachambua maneno kwa anasa ya kitaalamu. Kwa mtu wa Mbozi si anasa. Mkoa wa Mbeya, ambamo Mlowo ilikuwamo kabla ya Mkoa wa Songwe kuundwa mwaka 2016, ulijulikana nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mauaji ya watu waliochunwa ngozi, kwa imani kwamba ngozi hizo huleta utajiri. Baadaye, hasa Kanda ya Ziwa, yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, hata mwezi wa Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Polisi na magazeti wana istilahi yao, ramli chonganishi, nami naiweka miongoni mwa istilahi zilizo sahihi kabisa katika Kiswahili cha siku hizi: yasema kwamba neno huchonganisha, nayo yauacha mkono kwa mwenye mkono. Kando yake ipo Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo mpaka leo imo vitabuni. Mfalme James, ambaye mchezo huu ulitungwa katika enzi yake, alichapisha kitabu juu ya wachawi mwaka 1597, na mwaka 1604 Bunge lake likatunga sheria kali dhidi yao, hao walisadiki. Waliotutungia sheria ya 1928 walikuwa hawasadiki tena. Hivyo mtazamaji wa Mlowo yu karibu na mtazamaji wa London wa mwaka 1606 kuliko alivyo mtazamaji wa London wa leo, wala hahitaji kufafanuliwa kwa nini bundi alia usiku ule Duncan auawapo.

Lakini ukaribu huo una hatari. Mtu aliyemwua jirani yake ili atajirike hakurogwa. Aliambiwa, akalipa, akaenda. Macbeth akichezwa Mlowo kama mtu aliyerogwa, mchezo wampa muuaji huyo udhuru ambao Shakespeare alimnyima Macbeth.

Juu ya lile liitwalo tamaa nitasema machache. Watu wa nyumbani walipolisikia kisa hadi mwisho, mzee mmoja alisema tamaa mbele, mauti nyuma, na wengine wakaitikia. Methali ni nzuri, ila tamaa ni neno pana: yaweza kuwa ya nyama, ya fedha, ya mwili. Macbeth hataki mali. Ataka ukubwa, na Kiswahili kina usemi wake mwenyewe, kutaka makuu, ambao naupendelea kuliko uchu wa madaraka wa magazeti yetu. Neno la mfasiri hubeba hukumu, apende asipende. Nyerere alipomgeuza mfanyabiashara mmoja wa Venisi kuwa mabepari, alijua alitendalo.

Penye utajiri zaidi ni katika majuto. Hatia kwetu ni neno la mahakama. Dhambi ni la msikiti na kanisa. Lakini tuna usemi, nafsi yamsuta, na kusuta ni kumkabili mtu uso kwa uso na uwongo wake mbele ya wengine. Onyesho la karamu ni kusutwa huko hasa: Macbeth asutwa mbele ya wageni wake, na msutaji haonekani ila kwake. Wageni hao nao wana maana. Kabla ya kuua, Macbeth alijihesabia kwamba Duncan ni ndugu yake, ni mfalme wake, na ni mgeni wake. Mtu aliyekuzwa kwa methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, hutetemeka afikapo hesabu ya tatu.

Kuna na mikono. Usiku wa mauaji mkewe amwambia kwamba maji kidogo yatawatakasa. Katika tendo la tano, atembea usingizini, asugua mikono, na doa halitoki. Kiingereza hakilazimiki kubadili kitenzi. Kiswahili kina viwili. Mtu hunawa mikono yake mwenyewe na uso wake. Huosha vyombo, na huosha maiti. Siku hizi wengi huchanganya, lakini sikio la wazee bado lasikia tofauti. Ningekuwa mfasiri ningeweka kunawa katika tendo la pili, kwa wepesi wake wote, kama anawaye mtu kabla ya kula. Katika tendo la tano ningeweka kuosha, kwa maana mikono ile si yake tena. Aiosha kama kitu, au kama maiti. Hapo Kiswahili chasema jambo ambalo Kiingereza kimeliacha kwa mchezaji.

Nimalizie na fumbo la mwisho, ambalo nalo ni suala la kitenzi. Macbeth ameambiwa kuwa hataweza kudhuriwa na yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Kumbe Macduff alitolewa tumboni kwa kupasuliwa mama yake. Leo mtoto aliyepatikana kwa upasuaji huko hospitalini Vwawa twasema amezaliwa, kama mwingine yeyote, na kwa hiyo fumbo hulegea mdomoni mwa mchezaji. Mfasiri ashike sana kutolewa, alitamke Macduff kinyume cha kuzaliwa, bila kulifafanua. Na asikilize Macbeth ajibuvyo. Alalamika kwamba wale watatu walimchezea kwa maneno ya maana mbili, wakaitimiza ahadi masikioni na kuivunja katika matumaini yake. Ni lalamiko juu ya lugha. Kwamba wao ndio waliomwulia Duncan, au kwamba walimroga, halisemi hata anapokufa.